Tundu lililojaa: akiki ya jangwani na mawe meusi ya Goma

Shemeji yangu anaendesha lori kati ya Lubumbashi na bandari ya Walvis Bay, Namibia. Alipokuja Goma kwa harusi ya mdogo wetu, alitoa mfukoni jiwe lenye ukubwa wa yai la bata, limepasuliwa nusu, akaniwekea kiganjani. Kwa nje halikuwa na la kumvutia mtu: ganda la kijivu lenye vishimovishimo, kama kiazi kilichosahaulika ghalani. Kwa ndani, mistari myembamba ya kijivu, nyeupe na samawati iliyofifia ilifuata ukuta wa jiwe, mmoja ndani ya mwingine, hadi katikati palipobaki uwazi mdogo wenye fuwele zilizometameta kama chumvi ya mawe. Upande mmoja mistari iliacha kuzunguka. Ililala sawasawa, kama maji kwenye bilauri.

Alilinunua kwenye meza za kando ya barabara karibu na Usakos, mahali wachimbaji wadogo wanapopanga mawe yao juani na kungoja magari. Muuzaji alimwambia limetoka kaskazini-magharibi, nchi kavu ya Kunene.

Kijana wa jirani aliyekuwa amekaa nasi alilishika, akaligeuzageuza, kisha akautazama ukuta wa nyumba yetu, uliojengwa kwa mawe meusi ya volkano kama nyumba nyingi za huku. "Papa," akaniuliza, "na haya mawe yetu yako na matundu. Ndani yake haiwezi kuwa hii kitu?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Namjibu hapa, maana aligusa kiini cha jambo lenyewe. Akiki ni tundu lililojaa. Ukishaelewa tundu linavyojaa, utaelewa kwa nini jiwe hili lina mistari, kwa nini watu huliokota jangwani, na kwa nini ukuta wangu wa Goma hauna hata moja.

Nianze na majina, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Watu wa pwani wanaijua akiki kwa sababu ya pete, hasa ile nyekundu inayosifiwa kutoka Yemeni. Msomaji wa Biblia amekutana na ukoo mzima katika Ufunuo 21, kwenye misingi kumi na miwili ya mji: yaspi, kalkedoni, sardoniki, akiki, krisopraso. Kwa jinsi majina hayo yanavyotumika leo, yote matano ni jiwe la asili moja. Ni silika, yaani silikoni na oksijeni, kitu kile kile kilichojaa kwenye mchanga na kwenye kioo cha dirisha. Tofauti ni mpangilio: hapa silika imejipanga katika nyuzi za fuwele ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zimeshikana hadi jiwe zima linaonekana laini kama nta. Kalkedoni ndilo jina la ukoo. Ikiwa na mistari, wanajiolojia huiita akiki, na ndivyo nitakavyoiita hapa, ingawa pwani jina hilo huenda kwanza kwa ile nyekundu. Ikijaa uchafu wa madini ya chuma hadi mwanga usipite, ni yaspi. Nikeli ikiitia kijani, ni krisopraso, ile inayochimbwa Haneti, mkoani Dodoma, Tanzania.

Sasa tundu.

Lava inapopanda kutoka ardhini hubeba gesi iliyoyeyuka ndani yake, kama soda kwenye chupa iliyofungwa. Ikifika juu, uzito uliokuwa ukiikandamiza unaondoka na gesi inatoka kwa mapovu. Lava ikiganda kabla mapovu hayajatoka yote, yanabaki matundu. Mtu yeyote wa Goma ameyaona: ni yale yanayokwangua mikono ya wachonga mawe. Lava iliyoendelea kutiririka huku ikiganda huyavuta mapovu yakawa marefu, yenye umbo la lozi, na ndiyo maana akiki nyingi za volkano zina umbo la yai au la lozi. Jiwe la shemeji yangu limechukua umbo la povu la gesi lililokwama katika lava enzi za dinosauri.

Tundu peke yake halina kitu. Linalolijaza ni maji. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa za lava iliyoganda, mara nyingine yakipashwa moto na joto lililobaki chini, na njiani huyeyusha majivu ya volkano na kioo cha lava. Silika kidogo sana inaingia katika maji hayo, kidogo kiasi kwamba ukiyanywa hutaionja. Maji yakifika kwenye tundu, yakapoa au yakabadilika uchachu wake, silika inajitenga na kushika ukutani. Maji mengine yanakuja, na mengine tena. Vipimo vya oksijeni iliyomo ndani ya mawe haya vinaonyesha kuwa kazi hii hufanyika chini ya nyuzi 200 za Selsiasi, mara nyingi chini zaidi. Kwa hiyo akiki haikutoka kwenye moto wa volkano. Ilikuja baadaye, moto ukiwa umekwisha, kwa mkono wa maji.

Tazama ndani ya birika lililochemshiwa maji miaka mingi. Gamba jeupe limeshika kwenye ukuta, tabaka juu ya tabaka, likifuata umbo la birika. Akiki inafanana na hilo, ila gamba la birika ni chokaa, na birika la akiki halikufunguliwa hata mara moja.

Hapo ndipo panapokuja fumbo ambalo wanasayansi hawajalimaliza. Kwa nini mistari? Mwaka 1896 mkemia Mjerumani Raphael Liesegang aligundua kwamba chumvi fulani zikisambaa ndani ya ute mzito, kama wa gelatini, hazitui kwa usawa. Hujipanga kwa pete, pete na nafasi, pete na nafasi, bila mtu kuzipanga. Baadaye alitumia jambo hilo kueleza akiki: tundu lilijaa ute wa silika kwa mara moja, kisha chuma kikasambaa ndani yake na kuchora pete. Wengine walipinga wakasema hapana, ni tabaka moja baada ya jingine, kila mstari na maji yake. Siku hizi wengi wanatazama nyuzi za fuwele zenyewe: jinsi zinavyokua kutoka ukutani kwenda ndani, zikisukuma uchafu mbele yake hadi ukizidi, na hapo ukuaji unabadilika na mstari mpya unaanza. Hakuna mtu aliyewahi kutengeneza maabarani akiki inayofanana kikamilifu na ile ya asili, na kwa hiyo ubishi haujafungwa.

Mimi naegemea upande wa mapito mengi ya maji, kwa sababu ya ile sehemu ya jiwe langu ambako mistari imelala sawasawa. Mistari ya namna hiyo hutokea pale chembe za silika zinapotua chini kwa uzito wake, kama tope linavyotua kwenye ndoo. Jiwe moja, kwa hiyo, lina mistari iliyoshika ukuta na mistari iliyotua sakafuni. Naona vigumu kuamini kwamba vyote viwili vilitokea siku moja kwa njia moja. Na mistari iliyotua ina manufaa makubwa: inaonyesha upande gani ulikuwa chini wakati jiwe linajaa. Mwanajiolojia akiikuta imeinama ndani ya mwamba ambao haujahamishwa, anajua kwamba ardhi nzima ya pale iliinama baadaye.

Turudi kwenye ukuta wangu.

Lava iliyojenga Goma ni changa mno. Iliyopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ina umri wa vijana wanaoendesha chukudu, baiskeli zetu za mbao, juu yake. Iliyoshuka tarehe 22 Mei 2021 ikasimama Buhene ni mtoto. Hata zile za kale zaidi zilizo chini ya mitaa ya Himbi na Katindo, kwa hesabu ya mawe, ni za jana. Maji hayajapata muda.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi, na watu wengi hawaijui. Nyiragongo, volkano inayoimwagia Goma lava hiyo, ina njaa ya silika. Lava ya kawaida ya basalti ina silika takriban asilimia 50. Ya Nyiragongo ina takriban 40, pamoja na sodiamu na potasiamu nyingi. Silika hiyo haitoshi hata kutengeneza madini ya kawaida ya lava, na mahali pake hutokea madini adimu kama nefelini, leusiti na meliliti, yanayoridhika na silika kidogo. Upungufu huo ni sababu kubwa ya lava yetu kuwa nyepesi na kukimbia kama maji, jambo ambalo Goma imelilipia kwa roho za watu tangu 1977. Na ni sababu ya matundu yake kutotarajiwa kuzaa akiki hata yakingojewa. Maji yanayopita katika mwamba wenye njaa ya silika hayapati ya kubeba. Matundu ya lava za namna hii, yakijaa, hujaa kalisiti na madini mengine meupe yaitwayo zeoliti. Ukiona kitu cheupe ndani ya tundu, kidondoshee siki na ukitazame kwa karibu. Kikitoa mapovu madogo, ni kalisiti.

Je, Bukavu? Huko basalti ni za miaka milioni kadhaa, na si zote zenye njaa kama ya Nyiragongo. Lakini tazama zimekuwa nini: udongo mwekundu, mzito, unaoteremka na nyumba za watu mvua inapozidi. Mwamba umeoza kwa mvua na joto, ukafunikwa na migomba na majani. Hata kama kuna kalkedoni mle ndani, nani ataiona?

Hapa ndipo jangwa linapoingia, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Husikia akiki ya Namibia, akiki ya Botswana, wakadhani jangwa ndilo linaloitengeneza. Jangwa halitengenezi akiki. Linaifunua.

Lava za Etendeka, kaskazini-magharibi mwa Namibia, zilimwagika takriban miaka milioni 132 iliyopita, wakati Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa bado zimeshikana. Sehemu nyingine ya lava hiyo hiyo leo iko Brazili na Uruguay, upande wa pili wa Atlantiki, na huko pia inatoa akiki kwa wingi. Mawe ya pande hizo mbili ni ndugu waliotenganishwa na bahari. Botswana, akiki za kijivu na waridi zinazookotwa karibu na Bobonong zimetoka katika lava ya kale zaidi, ya takriban miaka milioni 180. India, akiki nyekundu za Gujarat zimetoka katika lava ya Deccan, ya takriban miaka milioni 66. Katika zote hizo, matundu yalijaa zamani sana, chini ya ardhi, kwenye maji. Ukavu ulikuja baadaye.

Ukavu ulipofika ulifanya kazi tatu. Mwamba wa basalti hubanduka na kusagika, lakini silika haiozi kwa urahisi, na ugumu wake ni karibu 7 katika kipimo cha 1 hadi 10, kuliko kisu cha chuma. Basalti ikigeuka vumbi, akiki inabaki imekaa. Upepo huchukua vumbi na mchanga mwepesi na kuacha mawe, hadi uwanda mzima unakuwa kama sakafu ya kokoto zilizopangwa. Na juu yake hakuna udongo wala majani ya kuficha kitu. Kazi ambayo Bukavu ingehitaji sepeto na wiki nzima, huko inahitaji macho.

Macho yaliyofundishwa, lakini. Mawe yaliyokaa juani maelfu ya miaka hupata ngozi nyeusi nyembamba ya manganizi na chuma, na akiki iliyovaa ngozi hiyo haitofautiani na jiwe la kawaida. Waokotaji wazoefu hutembea asubuhi mapema au jioni, wakilielekea jua likiwa chini. Basalti huzuia mwanga, kalkedoni huupitisha, na hapo jiwe moja kati ya elfu huwaka ukingoni kama kaa la moto. Hufuata pia mabonde ya mito mikavu, hasa baada ya mvua chache zinazokuja kule, kwa sababu maji huviringisha kokoto na kuziosha. Mto Orange umezibeba hadi baharini, na karibu na Lüderitz kuna ufuo uliopewa jina la akiki. Anayekwenda huko abebe maji kwanza, nyundo baadaye.

Nyundo yenyewe itumike kwa adabu. Kalkedoni hupasuka kwa vipande vyenye makali kama wembe, na kwa sababu hiyo wanadamu wa kale waliitumia kwa visu. Kipande kimoja jichoni kinatosha kuharibu maisha. Na kuna hatari isiyoonekana: vumbi. Khambhat, katika jimbo la Gujarat, mafundi wamekata na kutoboa akiki kwa karne nyingi. Shanga zao nyekundu zilivuka Bahari ya Hindi na kufika miji ya Waswahili pwani. Ufundi huo huo umewaua wengi wao kwa silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la silika na usio na tiba. Naliandika hili kwa sababu kwetu Kongo vijana wengi wanasaga mawe bila hata kitambaa puani. Akiki, kwatzi au jiwe lolote gumu hukatwa na kusuguliwa likiwa limelowa maji. Sijui sababu yoyote inayotosha kulikata kavu.

Jinsi ya kuitambua, basi. Mtu wa Lubumbashi ataikumbuka malakiti, jiwe la kijani la shaba linalochongwa mamba na visanduku vya kuuza kwa wageni. Nayo ina mistari ya pete, na kwa picha mtu anaweza kuzichanganya. Kwa mkono haiwezekani: malakiti ni nzito na kisu kinaikwaruza, akiki inakwaruza kisu. Tumia ncha ya chuma mahali pasipoonekana, kisha ufute kwa kidole. Ukibaki mstari wa kijivu unaofutika, ni chuma ndicho kilichoachia unga wake, na jiwe halijaguswa. Lishike mbele ya taa. Kalkedoni hupitisha mwanga kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, kioo hupitisha kama dirisha.

Hata wataalamu hukosea. Howard Carter, aliyefungua kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, mwaka 1922, alikuta kidani chenye mdudu wa rangi ya manjano-kijani na akaandika kuwa ni kalkedoni. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha ni kioo cha asili kutoka jangwa la mpakani mwa Misri na Libya.

Udanganyifu wa kawaida sokoni ni rangi. Niliwahi kununua bamba la akiki la samawati kali katika duka moja la vito, kwa dola 30, nikaambiwa rangi ni ya asili. Nyumbani nililitazama kwa kioo cha kukuzia. Samawati ilikuwa imejaa kwenye baadhi ya mistari na kuiruka mingine. Kwenye ufa mdogo ukingoni ilikuwa imekusanyika kama wino. Fuwele za katikati zilikuwa nyeupe kabisa. Hapo nilielewa: nyuzi za kalkedoni zina vinyweleo vinavyonywa rangi, fuwele nene za kwatzi hazinywi. Ufundi huu ulikuzwa hasa Idar-Oberstein, Ujerumani, katika karne ya 19, akiki za kijivu za Brazili zilipoanza kufika huko kwa meli. Weusi ulipatikana kwa kuloweka jiwe kwenye maji ya sukari kisha kwenye asidi ya salfa, inayoiunguza sukari ndani ya vinyweleo. Wekundu ulipatikana kwa chumvi ya chuma na moto. Sina ugomvi na jiwe lililopakwa rangi likiuzwa kwa jina lake. Nina ugomvi na anayemficha mnunuzi. Samawati ya asili ipo, na nzuri kuliko zote kwa macho yangu ni ile ya Ysterputs, kusini mwa Namibia, lakini imefifia kama mbingu ya asubuhi. Ikikupigia kelele, imepakwa.

Neno la sheria, kwa ufupi. Namibia, kama Kongo, madini ni mali ya Dola, na sehemu ya kusini-magharibi mwa nchi hiyo imefungwa kwa sababu ya almasi tangu 1908. Kwetu, Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mchimbaji mdogo awe na karte yake, yaani kadi ya mchimbaji, na afanye kazi kwenye eneo lililotengwa. Mbugani, iwe Virunga au Namib, jiwe huachwa lilipo. Kununua mezani kando ya barabara, kwa yule aliyelichimba, kama alivyofanya shemeji yangu, ni njia nzuri kuliko kujaza mifuko usiku.

Yule kijana amerudi mara mbili kulitazama. Tumeliweka kwenye kizingiti cha dirisha, na yeye ndiye aliyeona kwamba limekaa vibaya, kwamba mistari iliyotua imeinama kushoto. Akaokota kipande cha lava kutoka chini ya ukuta, akakichomeka chini ya jiwe, akarudi nyuma kutazama, akakisogeza tena kidogo. Mistari sasa imelala sawa, kama ilivyolala siku ilipotua.